Mbegu Ioge Kwanza: Vidokezo 14 kwa Mkulima wa Viungo

Magonjwa mengi ya tangawizi hayaji shambani yenyewe. Tunayabeba sisi, ndani ya gunia la mbegu, tena tumeyalipia. Pilipili na giligilani nazo ni hivyohivyo: vimelea hujibanza juu ya ganda au ndani ya mbegu, vikisubiri mvua. Mche ukishanyauka, dawa ya asili haina tena kazi, na ya dukani mara nyingi haina pia. Basi kazi yote ifanyike kabla ya kupanda, uani kwako, kwa vitu ambavyo vingi unavyo: maji ya moto, jua, majivu, kitunguu saumu. Havina nguvu sawa, na nitakuambia kipi cha kutegemea na kipi ni cha kusindikiza tu.

1. Mkague mama

Hakuna majani wala maji yatakayoitakasa mbegu iliyotoka kwenye shamba lililougua. Kama unanunua mbegu ya tangawizi, nenda kaione ikiwa bado shambani na majani yangali ya kijani. Ukisubiri hadi mavuno, majani yote yamekauka, mzima na mgonjwa hawatofautiani, na muuzaji hana haja ya kusema uongo: yeye mwenyewe hajui. Huko milima ya Upare, wilayani Same, ambako tangawizi ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba, gunia la mbegu ni pesa nyingi. Nauli ya kwenda kulitazama shamba ni ndogo kuliko hasara ya kupanda gunia lenye ugonjwa.

Kwa pilipili, chagua mti wenye afya, kisha chagua matunda yaliyoiva vizuri yasiyo na doa. Ukiona doa la mviringo lililobonyea, lenye duara ndani ya duara, hiyo ni chule, na ukungu wake huingia hadi kwenye mbegu. Tunda hilo halifai kutoa mbegu, hata kama upande wa pili unang'aa.

2. Glasi ya maji haidanganyi

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, maana hakigharimu senti. Umeona shina la tangawizi, nyanya au pilipili limenyauka ghafla na majani bado ni ya kijani? Likate karibu na ardhi, chukua kipande cha urefu wa kidole, ukining'inize ili ncha iliyokatwa iguse maji safi ndani ya glasi ya kioo. Usiitikise. Baada ya dakika chache, kama ni mnyauko bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama moshi zikishuka taratibu kutoka kwenye ile ncha hadi chini, na baadaye maji yanakuwa na ukungu wa maziwa. Hao ni bakteria aina ya Ralstonia, mamilioni kwa mamilioni.

Shamba lililotoa nyuzi hizo usichukue mbegu hata kipande. Na mwaka unaofuata usipande hapo tangawizi, wala nyanya, viazi mviringo, biringanya au pilipili, kwa kuwa Ralstonia huwashambulia wote hao na hukaa udongoni miaka. Weka mahindi.

3. Kisu ndicho mshenga wa ugonjwa

Mbegu ya tangawizi ni tangawizi yenyewe iliyokatwa vipande vya gramu 20 hadi 25, kila kimoja kikiwa na jicho moja au mawili mazima. Wakati wa kukata ndio wakati wa kukagua: nyama iwe na rangi yake ya njano iliyokolea, ngumu, yenye harufu kali ya tangawizi. Ukikuta mzunguko wa kahawia au kijivu, sehemu iliyolowa maji, au harufu ya kuoza, tupa tunguu lote. Usikate sehemu mbovu ukabakiza nzuri, kama tunavyofanya na viazi vya kupika.

Kisha kisu. Kisu kilichopita kwenye tunguu bovu kinakwenda kuwapandikizia ugonjwa wenzake hamsini. Kuwa na visu viwili na sufuria ya maji yanayochemka jikoni: kimoja kikikata, kingine kiko ndani ya maji.

4. Nunua kipimajoto, acha kutegemea mkono

Maji ya moto ndiyo dawa ya asili yenye nguvu kuliko zote. Si mpya: Mdenmark Jens Ludwig Jensen aliitumia katika miaka ya 1880 kuua ugonjwa wa fugwe kwenye nafaka, na mpaka leo makampuni ya mbegu huitumia. Siri yake ni kwamba vimelea vingi hufa kwenye joto ambalo mbegu bado inalivumilia. Lakini nafasi kati ya kifo cha kimelea na kifo cha mbegu ni nyuzi chache tu za Selsiasi, na hapo mkono wako hauna kauli. Maji ya nyuzi 48 na ya nyuzi 54 mkono unayaita yote "ya moto".

Kipimajoto cha homa hakifai, kwani huishia nyuzi 42. Tafuta kile cha jikoni au cha maabara kinachofika nyuzi 100. Kama huna uwezo, changieni kikundi kizima mnunue kimoja.

Kuhusu kuchanganya: sehemu moja ya maji yanayochemka na sehemu mbili za maji ya mtungini yenye nyuzi 25 hukupa karibu nyuzi 50. Huo uwe mwanzo tu, kwa sababu milimani maji huchemka mapema. Lushoto, penye mwinuko wa karibu mita 1,400, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo hesabu ya pwani haitoshi huko. Kipimajoto ndicho kitoe neno la mwisho.

5. Pilipili iingie kwenye chupa ya chai

Kwa mbegu ndogo, chombo kizuri ni chupa ya chai, ile inayotunza joto. Tafuta ya zamani, iwe ya mbegu tu. Mbegu za pilipili zifunge kwenye kitambaa chepesi, zisibanane. Kwanza zilowe dakika 10 kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 au 38, ili zisishtuke. Wakati huo suuza chupa kwa maji ya moto ipate joto, kisha mimina maji ya nyuzi 51.5. Tumbukiza kifurushi, funga, hesabu dakika 30. Katikati fungua upime. Yakipoa, ongeza kijiko cha maji ya moto pembeni, si juu ya mbegu.

Muda ukitimu, toa kifurushi uzamishe kwenye maji baridi dakika 5. Usiposimamisha joto hapo, mbegu zinaendelea kuiva. Zitandaze kwenye kitambaa kivulini zikauke, uzisie msimu huohuo. Mbegu iliyopita kwenye maji ya moto imepoteza sehemu ya maisha yake, kwa hiyo si ya kuweka akiba, na mbegu iliyokwisha kuzeeka usiipeleke huko kabisa.

Jaribu mbegu 20 kabla ya kuzamisha zote. Zikiota vizuri kwenye kitambaa chenye unyevu, endelea.

6. Tangawizi: nyuzi 50, dakika 10

Vipande vya tangawizi ni vinene, vinahitaji maji mengi yasiyopoa haraka. Weka angalau lita 5 kwa kila kilo ya mbegu, na birika la maji yanayochemka liwe karibu. Zamisha vipande kwenye wavu au gunia la nyavu kwa dakika 10, kisha maji baridi, kisha kivulini.

Joto hilo huua minyoo fundo na kupunguza ukungu ulioko nje. Bakteria waliozama katikati ya nyama wanaweza kubaki, ndiyo maana kidokezo cha 1 na cha 2 vimetangulia. Baada ya kuoga, viache vipande siku mbili au tatu mahali penye hewa, majeraha yafunge ngozi kabla ya kuingia kwenye udongo wenye unyevu. Wengine hupaka majivu ya kuni kwenye majeraha. Yanasaidia kukausha, yapake tu, lakini soma kwanza kidokezo cha 9.

7. Giligilani ina mambo yake

Hiyo punje ya mviringo unayoiita mbegu ya giligilani, au dania kwa ndugu zetu wa Kenya, ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Isugue taratibu kwa kiganja igawanyike, usiipondeponde. Kisha maji ya nyuzi 53 kwa dakika 30. Hapo unalenga bakteria wa madoa ya majani, ambao husafiri na mbegu.

Ile mbinu ya kutupa mbegu zinazoelea usiitumie hapa. Giligilani ina uwazi ndani, inaelea hata ikiwa nzima, na utajikuta umetupa mbegu yote na maji yake.

8. Jua lipo, na ni la bure

Huna kuni za kuchemshia madumu ya maji? Taasisi ya utafiti wa viungo ya India, iliyoko Kozhikode katika jimbo la Kerala, hupendekeza kuanika mbegu ya tangawizi juani ikiwa imefunikwa kwa nailoni inayopitisha mwanga, asubuhi, mpaka joto lifike nyuzi 47 na likae hapo nusu saa. Tena kipimajoto! Jua la Tanga au la Unguja halina shida ya kufika huko, shida yake ni kupita. Keti hapohapo ulipoanika, usiende sokoni.

Nailoni hiyohiyo ni dawa ya kitalu. Lainisha udongo, umwagilie, ufunike kwa nailoni nyeupe inayoonyesha, ukifukia kingo zote, uiache wiki 4 hadi 6 za kiangazi. Nyeusi haifai kazi hii, maana jua linaishia juu yake. Mbegu safi ikiingia kwenye kitalu kichafu, umefanya nusu ya kazi, na kinyausi kitakulazia miche chini kwa usiku mmoja.

9. Trikoderma ni kiumbe hai, mtunze hivyo

Trikoderma ni ukungu rafiki. Unakaa kuzunguka mbegu na mizizi, unakula na kuubana ukungu mbaya unaoozesha tangawizi, manjano na shina la pilipili manga. Huuzwa kama unga. Kwa mbegu ndogo kipimo cha kawaida ni gramu 4 kwa kilo moja ya mbegu, ukichanganya na maji kidogo ili unga ushike. Lakini fuata maelezo ya pakiti, kwani nguvu zinatofautiana.

Watu wengi hununua, wanaweka pakiti juu ya bati la ghala, halafu wanalalamika haifanyi kazi. Imekufa kwa joto. Angalia tarehe ya mwisho, ihifadhi mahali pa baridi, na usiichanganye na dawa za kopa, ambazo huua ukungu mzuri na mbaya bila kubagua. Na majivu, chokaa? Trikoderma hupenda mazingira yenye asidi kidogo, majivu ni kinyume chake. Chagua kimoja. Mimi kwa shamba linalotuamisha maji ningechagua trikoderma, tena ningechimba mifereji kwanza.

Kabla hujalipa, uliza kama bidhaa imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu: kwa Tanzania ni TPHPA, kwa Kenya ni PCPB. Siku hizi kila chupa isiyo na lebo inaitwa "ya asili".

10. Kitunguu saumu kipondwe, kisichemshwe

Kitunguu saumu kizima hakina dawa iliyo tayari. Ukikiponda ndipo kimeng'enya chake kinakutana na kiini kingine na kutengeneza alisini, ile yenye harufu kali. Wanakemia wa Marekani waliitambua mwaka 1944. Alisini huua bakteria na ukungu wa aina nyingi. Sasa, watu wanachukua punje nzima wanazichemsha, na joto linaharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Wamepata supu.

Ponda gramu 50 kwenye kinu, acha dakika 10, changanya na lita moja ya maji ya baridi, chuja, loweka mbegu nusu saa, kausha kivulini. Tengeneza ya siku hiyo tu, kwani alisini huvunjika haraka. Ni kinga nzuri ya juu ya ganda. Kama mbegu ina vimelea ndani, rudi kwenye chupa ya chai.

11. Mwarobaini na mafuta ya karafuu, pole pole

Mwarobaini tunaupenda, lakini kazi yake kubwa ni dhidi ya wadudu. Kwa ukungu ni msaidizi, kwa bakteria usiutegemee. Mafuta ya karafuu yenyewe yana nguvu mno: yugenoli iliyomo huua ukungu, na huunguza mimea pia, kiasi kwamba kuna nchi ambako yanauzwa kama dawa ya magugu. Anayemwaga mafuta hayo kwenye mbegu anaweza kuiua pamoja na ugonjwa. Unga wa mdalasini ulionyunyizwa kiasi juu ya udongo wa trei hauna hatari hiyo, na baadhi ya wakulima wa bustani huutumia kupunguza kinyausi.

12. Samadi ya maji: kwa matunguu, si kwa majani

Wafuasi wa Subhash Palekar, Mhindi aliyeeneza kilimo cha asili kisicho na gharama, huchovya mbegu kwenye mchanganyiko uitwao bijamrita: lita 20 za maji, kilo 5 za kinyesi kibichi cha ng'ombe, lita 5 za mkojo wake, gramu 50 za chokaa na konzi ya udongo wa mahali pasipolimwa kwa dawa. Kinyesi hufungwa kwenye kitambaa na kulowekwa usiku kucha, asubuhi kinakamuliwa na vingine kuongezwa. Vijidudu vyema vinajaa kwenye ngozi ya mbegu na kuwanyima nafasi wabaya.

Kwa tangawizi na manjano sina neno, yatakaa ardhini miezi minane au zaidi kabla ya kuvunwa. Kwa giligilani inayovunwa baada ya wiki chache na kukatiwa mbichi kwenye kachumbari, hapana. Kinyesi kibichi kina vimelea vya tumbo la binadamu pia.

13. Iliki, pilipili manga, karafuu

Mbegu ya iliki itoe kwenye tunda lililoiva, ioshe mpaka ule utelezi uishe, isugue na majivu, iache kivulini siku mbili hadi nne, uisie bila kukawia. Utelezi ukibaki, ukungu hupata chakula.

Pilipili manga kwa kawaida hupandwa kwa pingili, kwa hiyo usalama wake uko kwenye mmea mama: usikate pingili kwenye shamba lenye mmea uliooza shina. Karafuu haitaki yote haya. Mbegu yake haivumilii kukauka wala kungoja, imenye ganda na kuipanda ndani ya wiki.

14. Osha mikono, hasa ewe mvuta sigara

Virusi vya batobato ya tumbaku hubaki hai ndani ya sigara na ugoro, na pilipili huambukizwa navyo kwa kuguswa tu. Sabuni na maji kabla ya kushika mbegu au miche. Katika nyumba-kitalu nyingi wafanyakazi huchovya mikono kwenye maziwa yaliyoenguliwa malai wakati wa kuhamisha miche, maana protini ya maziwa huvizima virusi hivyo. Na kama mbegu uliyonunua ina rangi ya waridi, ya bluu au ya kijani iliyopakwa, imeshawekwa sumu kiwandani: usiiogeshe, usiishike kwa mikono mitupu, na mabaki yake usiwape kuku.

Msimu huu usitibu kila kitu. Acha safu mbili za mbegu isiyooga katikati ya shamba, uziwekee vijiti, uhesabu miche iliyoota na iliyonyauka pande zote mbili, uandike kwenye daftari. Ukimwita bwana shamba, mwonyeshe daftari hilo kwanza.